Kiu Kutoka Magadi

Ndoo ilikuwa tupu tena. Caren aliisimamia akiwa na kikombe mkononi, akajaribu kukumbuka kama kweli aliijaza asubuhi. Aliijaza. Mabega yake yalikuwa bado yanauma kwa kuibeba, na kifuniko kilikuwa palepale alipokiweka. Ndani hamkuwa na hata tone. Kulikuwa na mstari mweupe tu uliozunguka ukingo, kama chumvi iliyokauka.

"Philister, umemwaga maji?"

"Hapana, mama. Mimi nimeosha sahani kwa yale ya beseni."

"Basi nani amekunywa ndoo nzima? Ng'ombe?"

Philister alicheka. Caren hakuwa na nguvu ya kucheka. Alimfunga mgongoni mtoto wake wa kunyonya, Ajwang, akarudi bombani. Laini nzima ya nyumba zao za serikali pale Ngara ilitegemea bomba moja, na foleni haikuisha.

"Mama Philister, umerudi matembezi hata hutusalimii?" alisema Milcah, jirani wa mlango wa pili, naye akiwa na mtoto mgongoni. "Umetuletea nini?"

"Magadi tu, dada."

"Si uniletee kidogo! Kunde zangu zinakataa kuiva."

Jioni Caren alimpelekea, akammiminia kwenye bakuli mpaka likajaa.

Walikuwa wametoka safari Jumapili. Mumewe, Odero, karani wa ofisi mjini, alikuwa amepata likizo, na badala ya kwenda nyumbani Ugenya kama miaka yote, alisema mara hii watatembea kama watalii. "Wazungu wanapanda ndege kuja kuona nchi hii," alisema. "Sisi tumeona nini? Mapipa ya taka ya Ngara." Rafiki yake wa kazini, Muchiri, alikuwa na pikapu ya Peugeot. Wakateremka naye mpaka Ziwa Magadi.

Caren hakuwahi kuona kitu kama kile. Ziwa lilikuwa jeupe kama sahani, na mahali pengine jekundu kama ufizi wa mtoto. Kandoni maji yalitoka ardhini yakiwa moto bila kuni. Heroe, ndege wale wa rangi ya waridi wenye miguu kama fito, walisimama kwa mguu mmoja mpaka jicho lilikoishia. Philister alipiga makofi hadi viganja vikawaka, na Caren alisahau uchovu wake.

Kisha akaona magadi. Mapande kwa mapande yalilala chini, hayana mwenyewe! Yeye kila mara alikuwa akinunua sokoni kipande kidogo cha kulainisha mboga. Akajaza kopo tupu la mafuta ya Kimbo.

Pale kwenye chemchemi alikuwapo mama wa Kimaasai. Kabla hajachukua chochote, yule mama aliweka nyasi mbichi juu ya maji na kunong'ona. Alipoona kopo la Caren, akamnyooshea nyasi nyingine. Caren aliona haya, akatazama chini.

"Shemeji, achana na hayo," Muchiri alisema. "Jua linatuacha. Chukua kitu yako twende."

Akachukua. Hakuweka chochote.

Tangu siku ile, kitu kilikunywa nyumbani mwao. Maji ya kuoga yalikauka kwenye beseni. Chai iliisha kwenye thamosi iliyofungwa. Jikoni palinuka chumvi moto na mayai yaliyooza. Mchana, nyumba ilipotulia, Caren alisikia hatua kwenye sakafu kavu ya simiti, chwapu, chwapu, kama za mtu mrefu anayetembea ndani ya maji ya kina kifupi.

"Unasahau," Odero alimwambia. "Umechoka."

"Nimechoka, ndiyo. Lakini sisahau ndoo, Baba Philister."

Akina mama wa kanisa walikuja kuomba. Baada ya amina, mke wa mchungaji alinyanyua kikombe chake cha chai, akachungulia ndani, akakirudisha polepole. Alidhani hakumiminiwa, na kwa adabu hakudai.

Hayo yote Caren angeyavumilia. Alikwisha kuzoea kuchota. Lakini Ajwang alianza kukauka. Alinyonya, akalia, akanyonya tena, na nepi zake zilikaa kutwa bila kulowa. Midomo yake ilipasuka. Siku aliyolia bila chozi hata moja, Caren alijua kwamba kitu kile kimeanza kumnywa mtoto wake.

Mchana mmoja alilala kitandani kidogo tu, kwa ubavu, titi likiwa nje kama ilivyokuwa kawaida yake, akasinzia, na ndani ya usingizi ule mzito wa mwanamke aliyechota maji tangu alfajiri alisikia mdomo ukinyonya, taratibu, kwa bidii, akamshukuru Mungu kwamba mtoto amepata hamu tena, akaunyoosha mkono bila kufungua macho ili amshike kichwa, na papo hapo akamsikia Ajwang akilia kule uani, mgongoni mwa Philister, na Philister akimwimbia anyamaze, na ule mdomo pale kitandani ulikuwa bado unanyonya, nao ulikuwa moto, na kile alichokishika kwa mkono hakikuwa kichwa bali kitu chembamba, kirefu, kilicholowa, kilichopinda kama shingo.

Alipiga kelele. Hatua zikaondoka, chwapu, chwapu, kuelekea jikoni.

Jioni Odero aliporudi, Caren hakueleza mengi. Alifungua blauzi. Kuzunguka chuchu kulikuwa na mstari mweupe wa chumvi. Odero, mwimbaji wa kwaya, alivua kofia yake akakaa chini.

"Kuna mama Mkamba nyuma ya uwanja wa maonyesho, Jamhuri," alisema kwa sauti ndogo. "Watu wa kanisa wasisikie."

Mganga, Munyiva, alinusa kopo la Kimbo, akalisukuma mbali.

"Huyu si mbaya. Ana kiu," alisema. "Yeye anakaa kwenye maji ambayo hayanyweki. Wewe umemleta kwenye bomba. Angetoka kwa nini?"

"Nifanye nini, mama?"

"Kurudisha. Yote, hata unga wake. Uweke nyasi, uombe radhi. Hakuna mtu uligawia?"

Caren alitikisa kichwa. Kilikuwa kizito, na Ajwang alikuwa akihema mapajani mwake kama kifaranga. Hakumkumbuka mtu yeyote.

Walirudi Magadi kwa pikapu ya Muchiri, naye Muchiri safari hii hakufanya mzaha hata mmoja. Caren alimimina magadi mahali alipoyatoa, akaosha kopo, akaweka nyasi juu ya maji yanayochemka, akaomba radhi. Heroe wakaruka wote kwa pamoja, mbingu ikawa ya waridi.

Usiku ule alilala kama gogo. Asubuhi ndoo aliyoijaza jioni ilikuwa bado imejaa mpaka ukingoni. Alipokuwa akifagia, Ajwang akamkojolea mgongoni, mkojo mwingi wa moto, na Caren akacheka peke yake mpaka akashika ukuta.

"Hodi, Mama Philister."

Alikuwa Milcah, na ndoo mkononi. "Nisaidie maji kidogo. Nimetoka bombani sasa hivi, na sijui hii nyumba yangu inakunywa nini."

Kicheko kilimwisha Caren. "Dada, yale magadi niliyokupa. Yako wapi? Nipe yote."

"Yale? Yaliisha zamani. Kila mtu aliomba, na ningemnyima nani kitu ya bure? Laini nzima imepikia."

Caren alitazama nje juu ya bega la Milcah. Foleni ya bombani ilikuwa imefika hadi barabarani, na wanawake waliokwisha kuchota walikuwa wakirudi kujipanga tena, ndoo zao zikiwa tupu. Alimtazama Kihara, mtoto wa Milcah, pale mgongoni. Alikuwa akilia kwa nguvu zake zote, na mashavu yake yalikuwa makavu.