Msumari Uliosema Kama Dhahabu

Msumari wa kwanza ulimwaibisha fundi saa siku ya Jumamosi, adhuhuri, kwenye pembe ya ua karibu na bomba. Mashine ya kusakia vyuma ilikuwa imelia vizuri, sauti ya mviringo, kutoka kulia na kutoka kushoto, naye akapiga magoti akafukua kama kuku. Alichotoa ni msumari mrefu, mweusi, wa moto kana kwamba umetoka jikoni. Akaupuliza, akautupa kwenye ndoo ya takataka, lawama zote akaibebesha mashine.

Mashine hiyo aliinunua kwa mzee wa chuma chakavu ambaye mtaa mzima ulimwita Masikio, si kwa ukubwa wa masikio yake, ingawa nayo hayakuwa haba. Mzee alimpa mashine pamoja na masomo. Kizibo cha soda, alimwambia, hukohoa. Karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara hunong'ona ikakatika. Msumari husema ukiupitia upande mmoja, ukirudi upande wa pili unanyamaza, maana ni mwongo na mwongo hana neno la pili.

"Kitu chema," alisema, "husema neno lile lile uje kulia, uje kushoto. Na takataka usiirudishe shimoni, mwanangu. Ukiirudisha, kesho itakudanganya tena."

Fundi alikuwa akitafuta pete ya marehemu mama yao, iliyomponyoka uani akifua. Dada yake mshonaji, mdogo wake wa pekee, alibakiza wiki tatu aolewe, na yeye alitaka siku hiyo aitoe mfukoni mbele ya watu. Aliota jambo hilo hata akila.

Kufikia Ijumaa alikuwa amechimba pembe zote nne za ua. Kila pembe ilimpa sauti ya dhahabu na msumari mweusi. Masikio aliposimuliwa alicheka mpaka akashika ukuta. Msumari hausemi hivyo, alisema, ni masikio ya mwanafunzi ndiyo bado machanga. Basi fundi akaacha kuhangaika nayo. Ndoo ilikwishajaa misumari ya kila namna, na dada yake alipolalamika kwamba jikoni hakuna pa kutundika chujio la chai, alichagua mmoja mrefu humo ndooni akaugongomea ukutani.

Jumapili mambo yakaanza kwenda kombo. Dada alishonea chumba cha kati, chenye mlango wa jikoni na mlango wa sebuleni. Fundi alipomwita akitokea jikoni, aliitika kama siku zote, "Bee, kaka." Baadaye akamwita akitokea sebuleni. Cherehani iliendelea kukimbia, jibu hakuna. Akaingia, akamkuta ameelekea ukutani, mguu unakanyaga, sindano inapanda na kushuka, na chini yake hamna kitambaa. Chumba kilinuka kama sarafu zilizokaa sana mkononi. Akazunguka, akaita tena kutoka jikoni, na dada akageuka akitabasamu, akamuuliza mbona leo anamwitaita kama mtoto.

Hakumwambia kitu, lakini tangu hapo hakutulia. Alimwita asubuhi, alimwita mchana, akija na kikombe, akija na kisingizio, na kila alipotokea jikoni dada yake alikuwa dada yake, na kila alipotokea sebuleni alimkuta yule mwingine aliyekaa kwenye kiti kile kile na gauni lile lile, akitazama ukuta, akikonda, shingo imesimama wima, na mashine ya vyuma, iliyozimwa na kutundikwa uani, ikawa inavuma taratibu kila dada alipopita karibu nayo kwenda kuanika nguo.

Siku ya tano akaita kutoka sebuleni, na safari hii akajibiwa. Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya chini, isiyo na haraka.

"Umenifungulia mwenyewe."

Fundi alikimbia. Tusimcheke, hata wewe ungekimbia. Alirudi na mganga, mwanamke mfupi aliyeuza madaftari karibu na shule, mtu wa maneno machache. Mganga alitia kidole katika mashimo manne yaliyofukiwa, akakinusa.

Alieleza kwamba jini huyo alifungwa chini ya nyumba zamani, kabla ya wao kuhamia, na misumari ile minne ndiyo iliyokuwa makomeo yake. Irudishwe yote leo, kabla jua halijapita utosini, la sivyo binti hataamka kesho.

"Itafute mwenyewe, uigonge mwenyewe," alimwambia. "Lakini uwe na hakika. Ukigonga usiokuwa wenyewe, wewe uliyeugonga ndiye utakayekuwa mlango wake."

Fundi akaimwaga ndoo. Akapanga misumari mchangani, akapitisha sahani ya mashine juu ya mmoja mmoja, kulia, kushoto, jasho likimwingia machoni, na kwenye mkeka dada yake amelala akipumua kwa shida, na wa kwanza akaupata, na wa pili, na wa tatu, yote ikilia kama dhahabu, akaigonga mashimoni mwake, kisha misumari hamsini ikapita ikikohoa na kukatika, na mia, na kivuli chake kikafupika mpaka kikawa chini ya nyayo zake, na wa nne haukuonekana. Mmoja ulilia vizuri kulia. Kushoto ulilia nusu. Akaupitia tena kwa haraka, akautaka uwe ndio, na mtu akitaka sana kusikia jambo hulisikia.

"Ndio huo?" mganga akauliza.

Moyo wake ulimwambia sio. "Ndio wenyewe, mama."

Akaugonga.

Dada aliketi, akaomba maji, akanywa kata nzima. Jioni fundi alimwita kutoka jikoni akaitika, akamwita kutoka sebuleni akaitika, na fundi akajifunika uso akalia kwa furaha. Akamsimulia yote, isipokuwa ule msumari wa nne.

Asubuhi alikaa chumba cha kati na saa ya mteja mkononi. Dada, ambaye mzaha umemrudia kabla ya nguvu, alisimama mlango wa sebuleni akamwita.

"Kaka!"

"Naam."

Akacheka, akazungukia jikoni. "Kaka!"

Fundi alimsikia. Alitaka kuitika, lakini taya halikufunguka, wala ulimi haukusogea, na puani ikamjia harufu ya sarafu. Kupitia mlangoni alimwona dada yake akiliondoa chujio ukutani, na nyuma yake msumari umebaki mtupu, mrefu, mweusi, rangi ya ukuta imebabuka kuuzunguka.

"Usinitanie bwana, nimekuita," dada alisema. Akaugusa, akakung'uta vidole. "Huu nao wa moto hivi wa nini? Umetuunguzia ukuta."

Fundi alilia bila sauti. Mikono yake ilikuwa juu ya meza, na hakuna hata mmoja uliomtii.

Nje gari la taka lilipiga honi. Dada akaushika msumari kwa kitambaa, akauvuta, ukatoka kirahisi, akautia kwenye pipa akalibeba mbio asije akaachwa. Fundi alisikia taka zikimwagwa, na katikati ya makopo na vizibo, kitu kimoja kikalia vizuri, sauti ya mviringo, kisha gari likaondoka.