Nipo Njiani

Kila asubuhi kabla ya shule nafagia ukumbi wa nyumba yetu ya Gerezani, mama anakaanga vitumbua vya kuuza, na dada yangu Sitara ananigombeza kwamba namtimulia vumbi. Siku moja alinirushia na ndala. Ikumbukeni hiyo ndala.

Sitara alimaliza kidato cha nne miaka mitatu iliyopita na hakuwa na kazi. Safari hii kampuni moja ya Kariakoo, inayosafirisha mizigo kwenda mikoani, ilitafuta mtu wa kupokea simu za wateja. Kwanza alitakiwa kujaza dodoso la tabia kwenye mtandao. Lilikuwa na sentensi themanini, na kwa kila moja unachagua kama unakubali au hukubali. Mama alishasema kwamba Sitara akiikosa na hii, atarudishwa Lindi kwa shangazi. Nilijidai sijali, lakini nilikuwa sitaki aondoke.

Basi tukaenda kwa Athanas. Huyu ana kibanda cha fotokopi, na juu yake ameandika “Mshauri wa Ajira”, herufi moja imegeuka nyuma. Joto lote hili la Dar, yeye kavaa tai. Hajaajiriwa hata siku moja tangu azaliwe, ila anafundisha watu kuajiriwa. Wanasema mganga hajigangi, lakini huyu hata uganga hana. Alitupatia karatasi iliyofifia, “Majibu ya Mfanyakazi Bora”, akakohoa kama mkuu wa mkoa, akasema makampuni yote yanauliza yale yale.

Jioni nilisoma karatasi, Sitara akabonyeza simu. “Sijawahi kumkasirikia mtu.” Nakubali kabisa. Na ile ndala je? Tulicheka, akabonyeza. “Napenda kufanya kazi peke yangu.” Nakubali kabisa. Chini kidogo, “Sipendi kufanya kazi peke yangu.” Nakubali kabisa. Sitara aliguna. Nikamwambia wakubwa hawasomi yote.

Tukafika kwenye hii: “Sijawahi kusema ‘nipo njiani’ nikiwa bado nyumbani.”

Sitara aliweka simu mapajani. Alisema hapo hawezi, kwa sababu mji huu mzima hakuna asiyesema hivyo. Nilimtazama kwa dharau, mimi mtoto wa darasa la saba niliyejiona nayajua ya dunia.

“Acha ushamba wewe,” nikamwambia. “Unataka kazi au unataka Lindi?”

Nikainyakua simu, nikabonyeza mwenyewe. Nakubali kabisa.

Aliitwa kwenye usaili Jumamosi, saa nne. Saa tatu na nusu alikuwa bado ananyoosha sketi. Simu ikaita. Alikuwa mama mmoja wa ofisini, Angela, anayeshughulikia ajira, akiuliza amefika wapi.

“Nipo njiani, mama,” Sitara akajibu bila hata kufikiri. “Nipo hapa Msimbazi.”

Na mama yetu, kutoka jikoni, kwa sauti yake ya kuitia wateja: “Sitara, pasi umeizima?”

Kisha yule mama wa ofisini akasema taratibu, “Kumbe Msimbazi siku hizi watu wanapiga pasi barabarani. Njoo tu. Dodoso lako ninalo hapa mbele yangu.”

Sitara alikaa chini na sketi yake mkononi, akalia. Sikuweza kuvumilia. Nilimweleza mama yote, na karatasi nikaitoa. Mama aliisoma, akaikunja polepole.

“Njia ya mwongo ni fupi,” alisema. “Ya kwenu imeishia jikoni. Ondokeni, mkaseme wenyewe.”

Mama Angela alikuwa mtu mzima mwenye miwani. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikamwambia kwamba lile jibu la njiani nililibonyeza mimi. Sitara akasema mengine ni yake, na kwamba alipopigiwa simu hakuwa ametoka nyumbani. Mama Angela alifungua droo, akatoa madodoso kumi na moja. Yote yalipenda na hayakupenda kufanya kazi peke yake. Athanas na tai yake.

“Swali hili la ‘nipo njiani’ sikuliweka ili nimpate malaika,” alituambia. “Malaika haombi kazi Kariakoo. Wateja watampigia Sitara kuuliza mzigo uko wapi. Mzigo ukiwa bado ghalani, nataka mtu atakayesema uko ghalani, hata akitukanwa. Katika watu kumi na mmoja, wewe, Sitara, peke yako umekuja kusema kweli. Kaa pale, ujaze upya kwa kichwa chako.”

Alijaza peke yake, saa nzima. Wiki mbili baadaye alianza kazi, na habari ya Lindi ikafa. Athanas anatangaza mtaani kwamba Sitara ni mwanafunzi wake.

Jana mama alinituma nazi. Nilikuwa bado nacheza rede uwanjani aliponipigia simu, akauliza nipo wapi. Neno lilinifika mdomoni, nikalimeza.

“Nipo rede, mama. Sijaenda.”

Nilirudi na nazi, nikakuta fimbo inaningoja. Mama alinitazama, kisha akaiweka juu ya kabati.

“Leo umesalimika kwa sababu nilijua pa kukupata,” alisema. “Mwongo hata akipotea, watu hawajui waanzie wapi kumtafuta. Haya, kakune nazi.”