Chupa ya Papa Gérard

Wivine aligongwa bega kwenye msongamano wa lango la hospitali, na chupa ikayumba ndani ya kikapu chake.

"Pardon, mama. Iko lutuku ya kuuza?" aliuliza kijana mwenye suti ya abakosti ya kijivu.

"Onja, utalewa."

Ulikuwa mkojo wa baba yake, dereva mstaafu wa treni, ambaye macho yake yalikuwa ya manjano mwezi mzima. Kijana huyo, Anaclet, akacheka alipoelezwa, kisha akaacha kucheka. Kule chuoni Kasapa alikuwa akitafuta, katika mkojo na damu, protini ya kufichua mapema saratani ya mfereji wa nyongo.

"Nigawie, nipime. Jibu nitamutumia daktari wake. Muzee anaitwa nani?"

"Papa Gérard."

Akaandika hivyo hivyo.

Kwa wiki tatu Anaclet alimpigia Wivine simu ofisini kwake kila siku saa nne asubuhi.

"Chérie, kitenge yako ya jana ilinivurugia kazi."

"Wacha uwongo! Na jibu ya papa?"

"Nilituma zamani. Daktari hakukuambia?"

Wivine akakata simu.

Hospitalini karani alifungua droo. Karatasi ya jibu ilikuwa humo, imeandikwa saratani, haina mwenyewe. "Gérard? Hapa hakuna Gérard, citoyenne. Majina ya ubatizo yalikatazwa na serikali." Rejista ilimjua baba yake kama Mumba Kalenga, na Mumba Kalenga alikuwa akimeza vidonge vya ini tu.

Wivine aliingia maabara ya Anaclet bila kubisha hodi.

"Wiki tatu! Unasifu kitenge, papa anaoza kwa droo!"

"Wewe uliniambia Gérard..."

"Mimi niko mutoto wake! Wewe uko musomi, hukuuliza jina ya karatasi!"

"Nilitaka kumuita kama unavyomuita."

"Na hao waliokataza jina mama yake alimupa, balaaniwe!"

Mwanafunzi mmoja alikimbilia kufunga dirisha, laana hiyo isisikike nje. Anaclet alishika karatasi akatoka mbio hadi kwa daktari wa upasuaji.

Uvimbe ulitolewa. Wiki tatu zilikuwa nyingi, daktari alisema. Kama zilikuwa nyingi mno, hakujua.

Siku ya tisa baada ya upasuaji Anaclet alisimama kando ya kitanda na chupa mpya ya mkojo, imeandikwa: Mumba Kalenga Gérard.

"Sasa niko bantu babili?" mzee alinong'ona, akiinua vidole viwili.

Wivine hakucheka.

"Nataka twende kwa komine, tuandikishe ndoa," Anaclet alisema.

"Hasira yangu haijaisha."

"Kuja nayo."

"Utaniandika nani?"

"Kila jina wanakuita."

Wivine alimsukumia chupa hiyo kifuani.

"Anza na hii. Jibu ulete na miguu yako. Usipige simu."