Nipokee, Mjukuu Wangu

Kaka yangu Sixbert hakuamini kitu chochote kisichokuwa na injini. Haya yaliyompata mengi niliyaona kwa macho yangu, na ambayo sikuyaona niliyagusa kwa mikono.

Tulikuwa tunakaa Cheyo, hapa Tabora mjini. Jumamosi utamkuta sehemu ya kuoshea magari, anatoa hukumu. Gari lisilo na gia za mkono, alisema, ni la wagonjwa. Yale marefu ya wakubwa aliyaita makabati yenye matairi. Waliobandika bodikiti na stika za moto kwenye gari lenye injini ya kusagia mahindi aliwacheka mpaka wakaondoka magari hayajakauka.

"Gari la mbio halipambwi," alikuwa anasema. "Gari la mbio linavuliwa."

Lake alilivua kweli. Subaru ya bluu, turbo, imeshushwa mpaka inakaribia kulamba lami. Aling'oa viti vya nyuma, zulia, hata redio. Adui yake alikuwa uzito. Mkewe Adelina alikuwa na mimba ya kwanza, imeshakuwa kubwa, na kliniki alikuwa anaenda kwa bodaboda. Sixbert alimwambia mbele yetu, huku anacheka, kwamba akijifungua atamrudisha kwenye gari.

Jumapili moja mchana alinichukua twende barabara ya Urambo akajaribu turbo mpya. Lami ile inafuatana na njia ya zamani ya misafara, ambako wapagazi walipita na pembe za ndovu mabegani kutoka Ujiji kwenda pwani. Wengi hawakufika. Sisi tumezaliwa hapa, hayo hatuyafikirii.

Tulipokipita kijiji cha Ndono, barabara ilikuwa tupu. Pembeni alisimama mzee mmoja, amekonda, hana viatu. Begani alikuwa na mzigo mrefu uliopinda, umefungwa kwa shuka kuukuu na kamba za magome ya miti. Shingo yake ilikuwa imelalia upande mmoja, kama imezaliwa hivyo.

Sixbert akasimama. Nikashangaa, kwa sababu hakuwahi kumpa mtu lifti.

"Shikamoo, babu," nikasema.

Mzee hakuitika. Alikuwa anamtazama kaka.

"Nipokee, mjukuu wangu," akasema, sauti ndogo. "Nimechoka. Nipokee."

"Weka hapo nyuma," Sixbert akamjibu.

Mzee akajikongoja kuelekea kwenye buti. Alipokaribia kuigusa, kaka akasogeza gari kidogo. Mzee akafuata. Gari likasogea tena. Sixbert alikuwa anamtazama kwenye kioo, machozi ya kicheko yanamtoka.

"Kaka, acha," nikamwambia. "Ni mtu mzima huyo."

"Tulia. Nampasha misuli."

Aliendelea hivyo mpaka mzee akaanguka magoti kwenye lami ya moto. Nilisikia mfupa ukigonga lami. Nikashika kitasa nishuke, lakini Sixbert alishatia gia. Akatoa kichwa dirishani.

"Haya, babu! Nimekupokea!"

Tukaondoka na moshi wa matairi. Nikageuka kutazama nyuma. Mzee alikuwa anainuka. Aliinuka polepole, akanyoosha mgongo, akanyoosha shingo, akawa mrefu kuliko nilivyodhani. Mikono yake ilikuwa mitupu. Begani hakukuwa na kitu. Chini kwenye lami hakukuwa na kitu.

Hatukufika mbali. Gari likaanza kuzama. Matairi ya nyuma yakawa yanasaga bodi, turbo inalia, mwendo haupandi. Malori ya tumbaku yakatupita. Sixbert akatukana mafuta, akamtukana fundi, akanitukana na mimi.

Kesho yake tukalipeleka kwa fundi wake, Issa, ambaye injini ile anaijua kwa kuisikiliza tu. Akakagua springi, shokapu, kila kitu. Sixbert akiwa kwenye usukani, Issa akamwambia ashuke. Kaka akashuka.

Gari likanyanyuka.

Si kidogo. Lilinyanyuka kama lori lililoshushwa shehena.

"Panda tena," Issa akasema.

Akapanda. Bampa ikagusa chini.

Issa akaweka spana juu ya meza, taratibu, kama anaogopa itatoa mlio.

"Gari yako haina tatizo," akanong'ona. "Iondoe hapa."

Kuanzia siku hiyo mzigo haukukaa tena kwenye gari. Ulikaa kwake. Kitanda kilivunjika, akahamia sakafuni. Bega la kulia likashuka. Ngozi yake ikachubuka, ikaota sugu, sugu ikapasuka, na hakuna kitu kilichokuwa kimeigusa. Hospitali walipiga picha, wakaona pingili za shingo zimekaliana. Wakamuuliza anabeba nini kazini. Alikuwa anauza simu.

Alikuwa anafupika. Adelina alimlisha kwa kijiko, akamfuta usaha, usiku akalala ameketi ili amsikie akiita. Hakuwahi kumkumbusha habari ya bodaboda.

Asubuhi moja nilikuwa nimekaa naye. Adelina alikuwa uani anafua.

"Niliitikia mwenyewe," Sixbert akanong'ona. "Ulinisikia. Nilisema nimempokea."

"Nilisikia."

"Basi na mimi nikipokewa, nitapona." Akanikazia macho. "Mdogo wangu. Nipokee."

Nilifunga mdomo. Nilitikisa kichwa tu. Nilimpenda kaka yangu, lakini si kwa mzigo ule.

Hakukasirika. Akageuza macho kuelekea mlangoni. Halafu akaita, kwa ile sauti ya upole ambayo nilikuwa sijaisikia tangu siku za uchumba wao.

"Adelina! Mke wangu! Njoo unipokee."

Adelina akaingia mbio, mikono ina povu, tumbo limemtangulia. Akadhani mumewe ameshika kitu kinachotaka kumwanguka. Akafungua mdomo aitikie.

Nilimrukia. Nilimziba mdomo kwa viganja vyote viwili, tukaanguka ukutani. Alining'ata mpaka damu. Sikuachia. Sixbert alikuwa anatutazama kutoka sakafuni, na uso wake haukuwa wa mtu anayeona aibu. Ulikuwa wa mtu aliyekosa wateja.

"Hata wewe ulikuwa mzito," akamwambia mkewe. "Sikulalamika."

Nikamtoa Adelina nje, nikamsimulia yote, na tukiwa huko uani tukasikia injini. Sijui aliinukaje. Tulipofika barabarani, Subaru ilikuwa inakata kona kuelekea njia ya Urambo, tumbo lake linachana lami.

Walimkuta kesho yake mchana, ng'ambo ya Ndono. Gari lilikuwa pembeni ya barabara, milango imefungwa kwa ndani, mkanda ameufunga, viatu vimefungwa kamba. Amekufa. Polisi walisema gari lilikuwa jepesi ajabu. Watu wawili walilisukuma kwa mkono mmoja mmoja.

Tuliomwosha ni mimi na baba mdogo, Ambrosi, aliyefanya kazi miaka mingi bandarini Tanga. Bega lilikuwa limenyooka. Uso ulikuwa umetulia. Nikaona afadhali, amepumzika. Kisha nikamvua viatu na soksi.

Nyayo hazikuwa za kaka yangu. Zilikuwa ngumu kama ubao, zimepasuka mipasuko mirefu, kucha zote zimeng'oka na vidonda vyake vimeshapona siku nyingi. Zilikuwa nyayo za mtu aliyetembea miezi. Ndani ya mipasuko kulikuwa na mchanga mweupe, laini, wenye vipande vya makombe, kama maganda ya konokono.

Baba mdogo akauchukua kidogo kwa kidole. Akaunusa. Akauweka kwenye ulimi, akatema haraka.

"Huu una chumvi," akanong'ona. "Huu ni wa baharini."

Sixbert hakuwahi kuiona bahari.