Ukianguka Kushoto, Naruka Kulia

Kamba ilivutwa kutoka nyuma.

Fundi alisimama. Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho. Mbele yake alikuwa kaka yake, wamefungwa kamba moja kiunoni, na nyuma yake palikuwa na mwamba mtupu tu waliokwisha kuupita. Alipapasa mkanda wake mgongoni. Hakukuwa na kamba huko. Lakini kitu kilikuwa kimemvuta, taratibu, kama mtoto anavyovuta gauni la mama yake sokoni.

"Kaka, umenivuta?"

"Mimi niko mbele, nitakuvutaje kwa nyuma?" kaka alijibu bila kugeuka. "Twende. Ukungu usitukute kwenye Wembe."

Fundi alicheka kidogo, akajiambia ni uchovu. Watu walimwita Fundi kwa sababu alishona mahema na mikanda ya wapanda milima, lakini miamba aliijua tangu utotoni, na kwenye milima mingine yeye mwenyewe aliongoza watu. Ukingo huu wa mlima tu ndio alikuwa hajauvuka. Ulikuwa wa wazoefu, na mwenye kuwavusha alikuwa kaka yake. Kila mwaka alimwomba, kila mwaka akanyimwa. Safari hii kaka alikuja mwenyewe mpaka kwenye cherehani yake. "Wageni hawajafika," alisema. "Njoo tukague njia pamoja, mdogo wangu." Fundi alifurahi mpaka akaacha zipu ya watu nusu.

Asubuhi ile kule kibandani, mpishi alikuwa amewatania akimimina chai.

"Leo bwana mkubwa kakuruhusu? Miaka yote anakunyima, utadhani mlima kaujenga yeye."

"Si umuulize mwenyewe?"

"Namwogopa! Hata mlima unamwogopa huyu. Wenzake wanashuka na machela, yeye anashuka na wageni wake wote, wanacheka."

Kaka hakucheka. Aliitazama chai yake mpaka ikapoa.

Sasa walikuwa wamefika Wembe. Hapo ukingo ulikuwa mwembamba hata mtu hakuweza kuweka miguu yote miwili sambamba. Kushoto genge, kulia genge, na hakuna pa kupigilia chuma, maana mawe yalikuwa yameoza. Mahali kama hapo wapandaji wana njia moja tu ya kuokoana. Mwenzako akianguka kushoto, hufikiri, hungoji. Unaruka kulia. Kamba inakaa juu ya ukingo, nanyi mnaning'inia huku na huku kama ndoo mbili za mzega begani mwa mchota maji, na nyote mnapona. Tangu wadogo, Fundi na kaka yake walikuwa wakiambiana maneno hayo kabla ya kupita mahali pabaya.

"Ukianguka kushoto?" Fundi aliuliza.

Kaka alikuwa akitazama viatu vyake. "Naruka..." Akakohoa. "Nawe unajua. Twende."

Ukungu ukaja kutoka chini kwenye magenge, pande zote mbili kwa pamoja, na kaka akamezwa. Ikabaki kamba tu, ikienda mbele na kupotelea kwenye weupe. Ndipo Fundi aliposikia harufu ya maziwa yaliyoungua, harufu ya sufuria iliyosahauliwa jikoni, huku juu ambako hakukuwa na moto wala jiko wala ng'ombe.

"Kaka," alinong'ona. "Unasikia harufu?"

"Usigeuke nyuma," sauti ya kaka ilimjia, ndogo, kama ya mtu anayeongea ameziba mdomo. "Chochote utakachosikia, mdogo wangu, usigeuke."

Ina maana kaka alikuwa anajua. Akapiga hatua, na nyuma yake hatua ikapigwa, akasimama, na ile ya nyuma ikachelewa kidogo kusimama, kama ya mtu anayejifunza kutembea kwa kumwiga, na pumzi ya moto ikamgusa shingoni chini ya kofia, na vidole vikaanza kupanda mgongoni juu ya koti, kimoja baada ya kingine, bila haraka, mpaka vikafika sikioni, na hapo hapo sikioni, si mbele kwenye ukungu alikokuwa kaka bali hapo sikioni, sauti ya kaka yake ikapasuka:

"Nimeanguka! Kushoto!"

Fundi hakufikiri. Aliruka kulia.

Alianguka akingoja kamba imkaze, akingoja uzito wa kaka upande wa pili. Uzito haukuja. Kamba ilimfuata ikiburuzika juu ya mawe, tupu, na yeye akaendelea kwenda chini, akijua sasa kwamba anakufa. Halafu kamba ikashika. Mkanda ulimkata pumzi, bega likagonga mwamba, akabaki ananing'inia.

"Kaka!" aliita. "Kaka, nimeruka! Nishike!"

Aliita mpaka sauti ikakauka. Hakuna aliyejibu. Mwisho alitafuta mashimo ya vidole kwenye mwamba, akapanda mwenyewe, akilia bila kujua kama analia.

Juu aliikuta ncha ya kamba imekwama kwenye ufa kati ya mawe mawili. Haikukatika. Ilikuwa imefunguliwa. Fundo la mpandaji hufungwa kwanza kwenye kamba yenyewe, kisha ncha hupitishwa mkandani na kulifuata fundo lile mara ya pili. Kaka alikuwa ameichomoa ncha, akaliacha fundo la kwanza. Yeye aliyewagombeza wanafunzi wake miaka yote kwa kuliacha! Fundo hilo ndilo lililonasa kwenye ufa.

Alimkuta mbele kidogo, ukingo ulipopanuka kama kibaraza. Alikuwa amekaa, amekunja mikono.

"Niliruka, kaka."

Kaka aliinua uso. Macho yalimtoka. "Nilikusikia."

"Ulinisikia nikikuita?"

"Nilikusikia."

Fundi alimwonyesha kamba. Kulikuwa na neno moja tu alilotaka kulisikia duniani. "Fundo hili. Uliliacha makusudi? Ili linishike?"

Kaka alilitazama. Angeweza kudanganya.

"Mikono ilikuwa inatetemeka," alisema. "Nilisahau."

Fundi akakaa chini.

"Mara ya kwanza nilipovuka, kitu kilinishika hapa," kaka alisema harakaharaka. "Jini wa ukingo huu. Kiliniahidi nitapita mimi na kila mgeni wangu, hakuna atakayeumia, mpaka siku kitakapotaka mtu wa nyumbani kwangu. Nikakubali. Nilikuwa sina mke, sina mtoto, nilidhani ni maneno ya ukungu. Juzijuzi chumba cha binti yangu kikaanza kunuka maziwa yaliyoungua. Ningefanya nini, mdogo wangu? Ni mtoto!"

"Ungeniambia. Ningekuja nawe, tungekaa tukatafuta njia. Wewe ukaja kwenye cherehani yangu unacheka."

Harufu ikarudi, nzito, mpaka ikawasha macho. Kaka akasimama. Kutoka kwenye ukungu, upande wa kulia, chini kabisa, sauti ya mtoto ikalia:

"Baba! Baba, nimeanguka kulia!"

Mtoto yule alikuwa kwa bibi yake bondeni. Hakujua hata kufunga kamba za viatu vyake. Fundi alimrukia kaka yake, akamshika mkono wa koti.

"Si yeye! Kaka, mtoto yuko kwa bibi yake!"

"Najua," kaka alisema. "Lakini wewe umepona, kitamfuata yeye."

Akajichomoa, akaruka kushoto.

Hakupiga kelele. Mawe machache yalimfuata, kisha kimya. Ukungu ukafunguka kama ulivyokuja, pande zote mbili kwa pamoja, na harufu ikaisha. Fundi alibaki pale na kamba mapajani.

Kwa sauti ya uongo ya mtoto wake, kaka aliruka bila kamba. Kwa sauti ya kweli ya mdogo wake, aliyekuwa akining'inia na kumwita, alikuwa amekaa hapo hapo, amekunja mikono, akingoja inyamaze.