Rangi Iliyomeza Onyo

Kila siku baada ya kufagia darasa, Raya alikimbilia chumba cha kompyuta. Shule yao, kwenye mteremko wa Uluguru, ilikuwa na wiki, yaani tovuti ambayo wanafunzi wote waliruhusiwa kuiandika na kuisahihisha. Waliandika kuhusu mboga, vijito na uyoga wa masika. Raya yeye alikabidhiwa muonekano wake: rangi, ukubwa wa herufi na picha za pembeni. Alikuwa hodari kweli, na alijijua. Ukimkumbusha jambo mara mbili, aliona umemtukana.

Shule ilipoambiwa ijiandae kupokea wageni, Raya aliuonea aibu ule weupe wa zamani. Akaivika tovuti vazi jipya: nyekundu iliyokolea kila mahali, maandishi meupe, na vichwa vya rangi ya dhahabu. Darasa zima lilishangilia.

"Umefungua kila ukurasa ukausoma?" Mwalimu Abdulatif aliuliza. "Kuna maandishi niliyoyapaka rangi mimi mwenyewe. Hayo hayafuati rangi zako."

"Nimekagua zote, Mwalimu," Raya alijibu. Hakuwa amekagua hata mmoja. Alikuwa na haraka ya kwenda kusifiwa.

Kesho yake Scholastika, mama wa rafiki yake Eufrazia, alitoka msituni na uyoga kidogo kapuni. Mama huyu alizaliwa Dakawa kwenye mashamba ya mpunga, na uyoga wa milimani hakuujua vizuri. Kwa hiyo alimpa Eufrazia simu amsomee ukurasa wa uyoga. Picha ilifanana, na maelezo yalisema unaliwa. Akaupika kwa karanga. Kwa kuwa ulikuwa haba, akampakulia wote baba mkwe wake, mzee Gervas, kwa heshima.

Mzee alitapika mpaka akaishiwa nguvu. Wakamteremsha hospitali mjini, na siku chache baadaye akarudishwa akiwa maiti.

Raya aliposikia habari ya uyoga, alifungua ule ukurasa shuleni. Chini ya picha palikuwa na nafasi tupu. Akaburuza kipanya juu yake, na maneno yakajitokeza: "HATARI! Ukiwa na kifuko chini ya shina, usile. Unaua." Mwalimu alikuwa ameyapaka rangi nyekundu, na nyekundu ya Raya ilikuwa imeyameza. Kisha akafanya kitendo cha woga: akairudishia tovuti weupe wake, akazima kompyuta, akaenda msibani kusaidia kuchota maji kana kwamba hana habari.

Huko alikuta maneno yamepamba moto.

"Huku kwetu hata mtoto anaujua uyoga ule," alisema Catherine, binti wa marehemu. "Na mbona alikula baba peke yake?"

"Wifi, tulisoma kwenye tovuti ya shule," Scholastika alijitetea. "Hapakuwa na onyo lolote."

Catherine akafungua ukurasa kwenye simu yake. Onyo lilikuwa pale, jekundu juu ya weupe. "Na hili ni nini? Umemlisha baba yetu sumu, halafu unatudanganya!"

"Mimi ndiye niliyesoma, shangazi!" Eufrazia alilia. "Halikuwepo!"

"Nyamaza wewe. Umefundishwa."

Nguo za Scholastika zilikuwa zimeshafungwa furushi na kuwekwa mlangoni. Mume wake alitazama chini. Scholastika aliinama kulichukua furushi lake. Raya alitamani ardhi ipasuke immeze. Akatua ndoo.

"Shangazi, naomba hiyo simu."

Aliingiza neno la siri, akairudisha ile nyekundu, akampa Catherine. "Sasa nionyeshe onyo liko wapi."

Catherine aliisogeza simu hadi puani, akaifuta kwa kanga, akatazama tena. "Halipo."

"Lipo. Mimi ndiye niliyelifunika. Mwalimu aliniuliza kama nimekagua, nikamdanganya. Mzee alipofariki nikabadilisha rangi tena ili nisijulikane. Mama Eufrazia amesema kweli."

Hakuna aliyempiga. Pengine fimbo ingekuwa nafuu. Catherine alikaa mkekani akaangua kilio upya, na mume wa Scholastika akalibeba furushi kulirudisha ndani.

Scholastika alimwita Raya. Hakumkumbatia.

"Ulipomdanganya mwalimu wako, hukujua ni nani ataumia," alisema. "Lakini leo ulibeba ndoo huku mimi naitwa muuaji, na ulijua. Kazi uliyoaminiwa ifanye kweli, mwanangu. Na ukikosea, sema siku ile ile hata kama sauti inatetemeka, kwa sababu ukinyamaza kuna mtu anaubeba mzigo wako. Mzee hatarudi hata ukilia mwaka mzima. Nenda nyumbani ukawaambie wazazi wako kwa kinywa chako, wasije wakayasikia kwa watu."