Skrubu Ndani ya Goti Lisilokatwa

Daktari Honoré alikuwa katikati ya kisa chake cha daktari wa Lisbon aliyepasua mguu usiokuwa mgonjwa, wauguzi wanacheka na yeye anacheka kuwapita wote, huku akipaka dawa ya kahawia kwenye goti la Maombi, golikipa wa timu ya Nyangezi, aliyechomwa sindano ya ganzi mgongoni na kubaki macho.

"Docta," Maombi akasema taratibu, "goti yenye kukatika kamba iko ile ingine."

Kicheko kikahama upande. Honoré naye akahama, masikio yakiwaka. Ndipo aliposikia harufu ya ubani, mahali panaponuka klorini siku zote.

"Nani anachoma ubani humu?"

Usman, fundi wa mashine ya picha, rafiki yake wa miaka ishirini, aliivuta mashine karibu. Aliburuta mguu wake mbovu, akapiga picha ya goti kwa ubavu. Honoré alitafuta mistari miwili: wa nyuma ya mfupa wa paja, na wa paa la goti. Inapokutana ndipo hutobolewa njia ya kano mpya. Ukisogea mbele kidogo tu, golikipa harudi golini.

Kwenye kioo cha mashine palikuwa na skrubu.

Maombi hajawahi kupasuliwa.

"Usman, toa hii picha ya zamani."

"Iko ya sasa, docta."

"Piga ingine."

Skrubu ilikuwa palepale, na sasa ilizunguka, polepole, ikilia ndani ya mfupa kama jino linalosagwa, na ubani ukazidi, na taa zikafifia, na Honoré, aliyepasua watu Kigali na Antwerp akijisifu kwamba jicho lake halihitaji picha, akaitambua: ndiyo aliyoikaza mwenyewe katika goti la Usman miaka sita iliyopita, mbele mno, kisha akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa alianguka bafuni.

"Docta," Maombi akanong'ona, "mulisema sitasikia kitu. Kuko mutu anashika goti yangu."

Honoré akashusha mashine ya kutobolea.

"Usman, haukuanguka. Ni mimi nilitoboa mubaya. Nikaandika uongo."

Skrubu ikasimama. Ikafifia. Mistari miwili ikabaki, safi. Akapima mara tatu, akatoboa.

Baadaye, wakinawa mikono, Honoré alijaribu kucheka, akashindwa.

"Miaka makumi mbili, Usman! Kila Idi nakula kwako. Na unaniletea jini ya babu yako ya Uvira juu ya mugonjwa wangu?"

Usman akafunga bomba.

"Jini iko mu mashine tangu asubuyi. Weye uko mu goti yangu tangu miaka sita."